Je, umeme wa Inga utapita tena juu ya vichwa vyetu?



Hivi karibuni nililala katika kijiji kimoja cha hapa Lualaba, karibu kabisa na waya mkubwa unaotoka Inga. Mama aliyenipokea alipika kwa makaa, akawasha taa ndogo ya sola. Mtoto wake akaniuliza: "Yaya, umeme huu unaenda wapi?"

Unaenda Kolwezi. Waya huo ulianza kazi mwaka 1982. Una urefu wa kilomita 1,700 hivi, na ulijengwa hasa kwa ajili ya migodi ya shaba. Wakati ule ulikuwa kati ya nyaya ndefu kuliko zote duniani. Unapita Bandundu na Kasai hadi Katanga, lakini vituo vyake vya kubadilisha umeme vilijengwa viwili tu: Inga na Kolwezi.

Wengi hudhani wakaaji wa njiani walinyimwa kwa roho mbaya tu. Kuna pia sababu ya ufundi. Umeme wa mtaani hubadilisha mwelekeo kila mara, na kabini ndogo inatosha kuushusha uingie nyumbani. Umeme wa waya wa Inga unaenda upande mmoja, kama wa bateri. Ni mzuri kwa safari ndefu kwa sababu haupotei sana njiani. Lakini kabini ya kawaida haiwezi kuushusha. Kinahitajika kituo kikubwa, chenye gharama kubwa.

Je, haiwezekani kabisa? Tuangalie Italia. Katika miaka ya 1960 waya wa namna hii uliunganisha bara na kisiwa cha Sardinia, ukipita juu ya kisiwa cha Corsica cha Ufaransa. Kwa miaka mingi watu wa Corsica waliutazama tu, kama sisi. Kisha, katika miaka ya 1980, kituo cha tatu kikajengwa huko, nao wakapata umeme wa waya huo. Huko China, tangu mwaka 2020, vituo vinne vinafanya kazi pamoja katika mtandao mmoja wa Zhangbei, kwa volti 500,000.

Hapa ndipo maneno ya kanuni za ufundi yanapotuhusu, hata kama yanaonekana ni ya wahandisi tu. Kila kampuni kubwa inayotengeneza vituo hivi ina mitambo yake na namna yake ya kuiongoza. Ukinunua kwa mmoja bila kanuni za pamoja, kesho ukitaka kuongeza kituo cha tatu, au hata kubadilisha kipande kilichoharibika, unarudi kwa yule yule na unalipa bei anayotaka. Tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, IEC, ina kamati inayoshughulikia kanuni hizo tangu mwaka 2008. Ulaya nayo inatafuta namna mitambo ya kampuni mbalimbali iweze kuelewana kwenye waya mmoja.

Sasa mipango ya Inga 3 imerudi mezani. Mwezi wa sita 2025, Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 250 za kuanzia. Siku moja nyaya mpya zitachorwa. Mimi naona serikali na wabunge wetu wadai mambo mawili kabla ya sahihi yoyote. Kwanza, mkataba ufuate kanuni za kimataifa, ili kampuni nyingine iweze kuunganisha kituo chake baadaye. Pili, mahali pa vituo vya katikati patengwe tangu mwanzo, karibu na miji kama Kananga na Kamina, hata kama pesa za kuvijenga zitapatikana baadaye.

Sisemi kila kijiji kitapata kituo. Hilo haliwezekani. Lakini kituo kimoja kwenye mji mkubwa kinaweza kulisha nyaya za kawaida zinazoenda hospitali, mashine za kusaga na shule.

Ninyi mliohama mnajua jambo hili kuliko mimi. Anayerudi nyumbani huuliza kwanza kama kuna usalama, kisha kama kuna maji, zahanati na kazi. Hayo matatu ya mwisho yanahitaji umeme.

Mbunge wako akipita kuomba kura, muulize: waya mpya wa Inga utakuwa na mlango katikati, au ncha mbili tu? Asipokuwa na jibu, mwambie akalitafute.