Injili kwenye simu, jirani mlangoni

Ibada inayorushwa moja kwa moja kutoka Dar es Salaam saa nne asubuhi, hapa Malvern, Toronto, hutukuta vitandani: wakati wa baridi huwa ni saa nane usiku. Hata hivyo wapo wanaoamka kuifuata kwenye simu. Hatuwalaumu. Makanisa ya Ontario yalipofungwa kwa sababu ya korona mwezi Machi 2020, mtandao ndio uliotuweka pamoja, na neno la faraja kwa Kiswahili si kitu kidogo ughaibuni.

Lakini tuulizane, ndugu wasomaji. Malvern hii ina Watamil wa Sri Lanka, Wajamaika, Wafilipino na wengineo. Tunasambaza mahubiri hadi Kigoma kwa kubonyeza mara moja, ila kwenye lifti ya jengo letu tunapanda kimya. Nani kati yetu anajua hata kumwamkia Mtamil kwa lugha yake?

Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Naam, kadhi, Mwislamu! Wamisionari wa zama zile walikuwa na dharau zao kwa mila zetu, hilo hatulifichi. Ila Krapf hakuwa na njia nyingine: ilimbidi aketi na mwenyeji, aulize neno, akosee, asahihishwe. Leo simu inakupa mstari kwa Kitamil papo hapo, basi huna haja ya kumuuliza mtu. Hapo ndipo tunapopoteza.

Watoto wetu wamekwisha kuvuka mpaka huo. Shuleni wanacheza na kula na watoto wa kila taifa. Jumapili tunawaketisha kwenye ibada ya Kiswahili wasiyoielewa vizuri, nao wanainamia simu, kisha tunasema wamepotea.

Makanisa mengi ya wahamiaji hukodi ukumbi wa kanisa jingine, wakaingia mchana wenyeji wakitoka. Tunapishana mlangoni kwa tabasamu tu. Tunawaomba wachungaji wetu: Jumapili moja kwa mwezi tuingie pamoja na wenyeji, watoto wawe wakalimani, kisha chai na maandazi, na mitambo ya kurusha matangazo izimwe siku hiyo.