Kukaguliwa si Kutukanwa

Sataranji ni mchezo wa kale. Ulianzia India, ukapita Uajemi na Uarabuni, na jina tuliitalo kwa Kiswahili limetoka huko. Una sifa moja ambayo michezo mingi haina. Mwenye karata huzificha mkononi, lakini kete za sataranji husimama wazi juu ya miraba 64, na mpinzani huziona kama azionavyo mwenyewe. Kilichofichika ni kimoja tu, nacho ni fikira ya mchezaji. Mtu akileta mezani fikira isiyokuwa yake, mchezo umekufa, hata kama kete zaendelea kusogezwa.

Zamani wizi huu ulikuwa mgumu, maana aliyetaka kunong'onezwa alihitaji kwanza mnong'onezaji aliyempita kwa akili. Mwaka 1997, mjini New York, kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Mashine ile ilikuwa na uzito uliozidi tani moja. Leo simu iingiayo mfukoni hubeba programu iwezayo kumshinda bingwa yeyote aliye hai. Mwizi hahitaji tena rafiki mwenye hekima. Dakika mbili za faragha zamtosha.

Tazama, msomaji, yaliyotokea. Mwaka 2010, katika mashindano ya mataifa huko Khanty-Mansiysk, Urusi, mchezaji mmoja wa Ufaransa alisaidiwa na watu wawili. Mmoja alikaa mbali na kompyuta, akatuma ujumbe kwa simu. Wa pili, kiongozi wa timu, akasimama nyuma ya meza fulani fulani, na mahali aliposimama palikuwa ishara ya hatua ya kucheza. Mwaka 2012 Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, liliwafungia wote watatu. Mwaka 2015, mjini Dubai, simu ya bingwa wa Georgia ilikutwa imefichwa chooni. Mwaka 2019, mjini Strasbourg, mtu mzima wa miaka 58 alinaswa chooni na simu yake. Hawa wawili walikuwa na cheo kikubwa cha grandimasta, nao walinyang'anywa cheo hicho. Hawakuwa wachanga wasiojua sheria, bali walikuwa watu walioheshimiwa.

Hata hivyo wako wasemao: "Mchezaji ni mwungwana; kumpekua mlangoni ni kumvunjia heshima." Maneno haya ni matamu masikioni, lakini ndani ni matupu. Mwenye duka hupima sukari kwa mizani mbele ya kila mnunuzi, wala hapana mnunuzi aonaye kuwa ametukanwa. Mizani humlinda mnunuzi asipunjwe, na humlinda mwenye duka asisingiziwe. Ukaguzi wa mlangoni ni mizani ya namna hiyo hiyo. Mtu mwaminifu akikaguliwa hapotezi kitu, naye hupata kitu kikubwa: akishinda, hapana awezaye kuusemea ushindi wake.

Wengine hujituliza kwa methali, kwamba siku za mwizi ni arobaini. Ni kweli, lakini nani atawalipa walioibiwa katika zile siku thelathini na tisa za kwanza? Mchezaji aliyeshindwa kwa hila amekwisha kurudi nyumbani bila zawadi na bila nafasi yake katika timu. Hukumu ya baadaye haiwezi kumrudishia jioni ile.

Hapa kwetu tulipata somo letu mwaka 2023, jijini Nairobi. Kijana wa kiume alivaa buibui na nikabu, akajiandikisha kwa jina la kike katika mashindano ya wanawake, akaanza kuwashinda wachezaji wenye sifa. Waamuzi hawakumshuku mwanzoni, kwa kuwa waliliheshimu vazi la dini. Viatu vyake vya kiume na ukimya wake ndivyo vilivyomfichua. Akakiri, akasema alikuwa na shida ya fedha. Vazi lile halikuwa na kosa. Mwenye kosa ni aliyelitumia. Lakini fikiri: kama kila mchezaji, bila kubagua, angetambuliwa kwanza, na mwanamke avaaye nikabu akatambuliwa faraghani na mwamuzi wa kike, hila ile ingekomea mlangoni, na hapana mwanamke mcha Mungu ambaye angetazamwa kwa shaka baadaye.

Lakini mlango usipolindwa, uvumi huingia mahali pa ukaguzi. Mwaka 2022, huko St. Louis, Marekani, Magnus Carlsen, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, alishindwa na kijana wa miaka 19, Hans Niemann, kisha akajitoa mashindanoni. Dunia ikajaa minong'ono. Kijana alikiri kuwa alipokuwa mdogo alidanganya katika michezo ya intaneti, lakini akakana kudanganya mezani, wala ushahidi wa kumpinga katika mchezo ule haukupatikana. Mwishoni mwa 2023 FIDE ilimtoza Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu halali. Waandalizi walizidisha ukaguzi na kuchelewesha matangazo ya michezo kwa dakika 15 baada ya mchezo ule, wakati shaka ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, wewe uliye katika chama cha sataranji shuleni kwako, usingoje FIDE ije ikufundishe. Simu zote, za walimu na za wanafunzi, zikabidhiwe mwamuzi kabla ya kete kupangwa. Mchezaji asitoke chumbani bila ruhusa. Watazamaji wasimame mbali. Sheria impate bingwa kama impatavyo anayeanza leo. Na mwenye shaka ampelekee mwamuzi kwa maandishi, asiitangaze uwanjani, kwa maana kuiba jina la mtu ni wizi kama wizi mwingine.

Ukiombwa kufungua mkoba wako mlangoni, ufungue kwa uso mkunjufu. Ushindi utakaoupata siku hiyo utakuwa wako mwenyewe, na yule uliyemshinda atakupa mkono bila kinyongo.