Jembe linalimwa kwa miguu (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Bendera, msimu umeanza na "nesi, mgongo unaniua" zimeanza. Mimi nasema mgongo tunauonea.

Waangalieni vijana wanaocheza besiboli Azania Sekondari, Dar. Gongo liko mikononi, lakini nguvu inaanzia chini: uzito unahama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, nyonga zinageuka, mikono inafuata.

Na jembe ni miguu. Tanguliza mguu mmoja, kunja magoti, inama kwenye nyonga. Ukichoka, badilisha upande.

Baba, mpini mfupi unamkunja mwenzio, weka mrefu. Na aliyejifungua apumzike siku 42; wa operesheni zaidi. Si uvivu jamani, misuli inayoshika mgongo bado imelegea.