Pensheni Isimfungie Muuguzi Mlango

KATIBU MKUU,
OFISI YA RAIS – MENEJIMENTI YA UTUMISHI WA UMMA NA UTAWALA BORA,
MJI WA SERIKALI MTUMBA,
DODOMA.

YAH: KIKOMO CHA MIAKA 45 KWA WAUGUZI WANAOOMBA AJIRA MPYA SERIKALINI

Ndugu Katibu Mkuu,

Kila tangazo la kazi la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma lina sharti ambalo vijana hawana haja ya kulisoma. Linasema waombaji wote wawe raia wa Tanzania wenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa wale tu walioko kazini serikalini. Kijana wa miaka 24 hulipita hapo akaenda kutafuta kada yake. Mimi huanza nalo, kwa sababu nina miaka 44 na niko mwaka wa mwisho wa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga.

Mimi ni mkazi wa Magomeni, hapa Kilosa mjini. Kabla ya uuguzi nilikuwa mhasibu wa SACCOS: leja, hati za malipo, kufunga mwezi, kusubiri wakaguzi. Kazi ile ilinilisha na kunisomeshea watoto. Kisha mama yangu akapata kiharusi, upande mmoja ukalala. Nesi wa zamu ndiye aliyenifundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asitoke vidonda vya kulalia, kumlisha akiwa ameinuliwa kichwa asipaliwe, na kumsemesha hata pale alipokuwa hawezi kujibu. Nilijifunza haraka, na nikagundua kwamba kazi hii naiweza na naitaka. Mama alipotangulia mbele ya haki, sikurudi kwenye leja. Nilirudi kwenye Fizikia ya kidato cha nne, nikaifanya upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, katika chumba cha mtihani kilichojaa watoto wa umri wa mwanangu.

Ndugu Katibu Mkuu, hadi hapo Serikali haikunizuia. Udahili wa vyuo vya afya unaratibiwa na NACTVET, na kinachotakiwa ni ufaulu wa kidato cha nne, masomo ya Biolojia, Kemia na Fizikia yakiwemo. Ninayo. Nikihitimu, Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa mamlaka ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, litanipima kama ninafaa kukabidhiwa mgonjwa, na nikifaa litanipa usajili na leseni. Kwa hiyo chombo kimoja cha Serikali kinanikubali darasani, cha pili kinanikubali wodini, kisha cha tatu kinaniambia nimechelewa. Anayeanza stashahada akiwa na miaka 42 atasoma miaka mitatu, atasubiri matokeo, atasubiri leseni, atasubiri tangazo. Tangazo litakapotoka, sharti la kwanza tu litakuwa limemwacha nje.

Mhasibu haachi kutafuta chimbuko la namba. Umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60. Ili mwanachama wa PSSSF apate pensheni ya kila mwezi, anatakiwa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60, inabaki 45. Kwa hesabu hiyo naliona sharti lina mantiki yake: Serikali haitaki kumwajiri mtu kwa masharti ya kudumu na malipo ya pensheni wakati inajua hatafikisha miezi ya kumpatia pensheni hiyo.

Lakini hesabu hiyo inamhusu mstaafu. Haimgusi mgonjwa. Mama mjamzito anayevuja damu baada ya kujifungua hahitaji muuguzi mwenye miezi 180 mbele yake. Anahitaji muuguzi aliyepo, aliyesomea, mwenye leseni, usiku huo. Tumeruhusu kanuni ya mafao iamue nani atashika zamu, wakati mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa bila kuvunja mfuko wowote.

Njia ya kuyatenganisha ni mkataba. Muuguzi aliyevuka miaka 45 aruhusiwe kuomba ajira ya mkataba wa muda maalumu, unaohuishwa kwa kuangalia utendaji na afya yake, hadi afikishe 60, na kila mkataba ukiisha alipwe kiinua mgongo. Asidai pensheni ambayo hakuichangia. Wengi wetu tunaotoka sekta binafsi tayari tuna michango yetu NSSF, hivyo hatuji kwenu mikono mitupu tukisubiri kulelewa uzeeni.

Wala si jambo geni nchini. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, imewapeleka watumishi wa afya kwa mikataba katika wilaya za pembezoni ambako nafasi za kudumu zilikaa wazi. Zipo halmashauri zinazolipa watumishi wa mkataba kwa mapato ya ndani. Na Serikali yenyewe ilipoona madaktari bingwa na maprofesa ni wachache, ilisogeza umri wao wa kustaafu kwa lazima hadi miaka 65. Tulikubali kwamba ujuzi adimu unastahili kanuni yake. Ninachoomba ni kwamba uadimu huohuo uangaliwe na upande wa mlango wa kuingilia, siyo wa kutokea tu.

Naomba nieleze kwa nini watu wa rika langu tunafaa, maana hoja ya umri bila hoja ya kazi ni kuomba huruma, na huruma siiombi.

Katika kituo kimoja nilikopangiwa mafunzo kwa vitendo, nilipewa kazi ambayo wanafunzi wenzangu waliikimbia: kuhesabu dawa na kuoanisha leja na vitabu vya MTUHA, vya taarifa za huduma za afya. Kwangu ilikuwa kama kurudi nyumbani. Nilikuta vichupa vya oksitosini, dawa inayozuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, vimepangwa ndani ya friji bila kufuata tarehe ya kuisha muda, vya zamani vikiwa nyuma na vipya mbele. Dawa hiyo inatakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na ikiachwa iishe muda hapohapo kituoni ni hasara mbili: fedha imepotea, na mama atakayekuja kesho hana kinga. Nilivipanga upya ili kinachowahi kuisha kiwahi kutoka, nikabandika karatasi ya joto la friji mlangoni ijazwe asubuhi na jioni. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hilo chuoni. Nilikuja nalo kutoka SACCOS.

Mhudumu wa hoteli anayegeukia uuguzi atakuja na namna ya kumpokea mtu mwenye hasira. Mwalimu wa shule binafsi atajua kumweleza bibi namna ya kumeza dawa za presha hadi bibi arudie mwenyewe bila kukosea. Na umri wenyewe husaidia: usiku mmoja aliletwa leba binti wa miaka kama 17. Hakutaka kumwambia muuguzi kijana, aliyemzidi miaka michache tu, kwamba uchungu ulianza tangu juzi na alikuwa amenyweshwa dawa za kienyeji. Aliniita "mama", akaniambia mimi. Muuguzi yule alinizidi kwa kila kitu cha kitaalamu, na ndiye aliyechukua hatua zilizohitajika. Taarifa aliyoifanyia kazi ilitokana na umri wangu. Waliosema utu uzima dawa hawakukosea, na wodini dawa hiyo hailipiwi.

Kuna pia suala la kubaki kituoni. Wilaya yetu si Kilosa mjini na Mikumi barabarani peke yake. Kuna Vidunda milimani, kuna Uleling'ombe, kuna Lumuma ya wakulima wa vitunguu. Kijana anayepangiwa zahanati ya huko akitokea mjini ana haki ya kutaka kuoa au kuolewa, kujiendeleza, kumfuata mwenza. Baada ya muda barua ya uhamisho inaanza safari. Simlaumu, nami ningefanya hivyo nikiwa na miaka 25. Mtu wa miaka 46 aliyezaliwa wilayani humu ameshajenga, ana shamba, watoto wameshaondoka. Mpangie Vidunda, atauliza tu nyumba ya mtumishi ina bati au haina.

Najua hoja itakayoletwa mezani kwako: wapo vijana wengi wenye stashahada na leseni ambao hawana ajira, iweje nafasi apewe mama mtu mzima? Hoja hiyo ni nzito, na ninawafahamu vijana hao kwa sura, maana nasoma nao na wananiita "bi mkubwa". Sitaki nafasi zao na siombi upendeleo. Naomba kuruhusiwa kushindana kwenye usaili uleule, kwa maswali yaleyale. Kijana akinishinda, apewe yeye. Wapeni vijana nafasi za kudumu kwanza, na zile zilizotangazwa zikakosa watu, au zilizoachwa wazi na waliohama, zifunguliwe kwa mkataba kwa sisi wengine. Kijana hatapoteza chochote kwa nafasi ambayo hakuitaka.

Itasemwa pia kwamba uuguzi ni kazi ya nguvu: kukesha, kusimama zamu nzima, kumnyanyua mgonjwa. Ni kweli, na mgongo wangu hunikumbusha. Lakini mwajiriwa mpya serikalini hutakiwa kupimwa afya na daktari. Kipimo hicho kitumike. Yupo mtu wa miaka 30 ambaye mgongo umeshakataa, na yupo wa 50 anayepandisha mlima na debe la maji kichwani. Daktari atawatofautisha vizuri kuliko cheti cha kuzaliwa.

Na dunia haisubiri. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba wauguzi wanaopungua duniani ni milioni 5.9. Nchi tajiri zinalijaza pengo hilo kwa njia zote, ya watu wazima ikiwemo. Marekani kuna programu za uuguzi za miezi 12 hadi 18 kwa wenye shahada ya fani nyingine. Wapo Watanzania na Wakenya waliokwenda huko wakiwa walimu au wahasibu, wakaanza kwa kutunza wazee majumbani, wakasoma, na leo ni wauguzi waliosajiliwa. Walipofika utu uzima nchi ya watu iliwafungulia mlango ambao kwao ungekuwa umeshafungwa.

Sisi hapa tuna jambo la kujivunia na la kulinda. Takwimu za kitaifa zinaonyesha vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Majengo na vifaa vimechangia. Lakini jengo halipimi presha, na friji haikeshi na mama. Namba hiyo itaendelea kushuka kukiwa na watu kwenye zamu.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu Mkuu, naomba ofisi yako ifanye mambo matatu.

Kwanza, sharti la miaka 45 lisomeke kwamba linahusu ajira ya kudumu na malipo ya pensheni peke yake, na matangazo ya kada za uuguzi yaongezewe aya inayowaruhusu waliovuka umri huo kuomba kwa mkataba.

Pili, kwa anayeanza chuo kabla ya miaka 45, umri wake uhesabiwe kuanzia siku aliyosajiliwa chuoni. Akizidi miaka hiyo akiwa darasani au akisubiri tangazo, asihesabiwe kosa.

Tatu, mzungumze na Wizara ya Elimu pamoja na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi ilipoanza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, fani za afya ziliwekwa kwenye kipaumbele, na hilo ni jema. Lakini miongozo yake ya mikopo imekuwa na kikomo cha miaka 35. Mtu wa miaka 38 anayeacha kazi asomee uuguzi ana zaidi ya miaka 15 ya kurejesha mkopo kabla hajafikisha 60. Wakati wa kurejesha anao.

Sheria haihitaji kubadilishwa kwa ajili yangu. Mimi nitahitimu, na nikikosa nafasi serikalini nitabisha hodi hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi. Ninawaandikia kwa sababu wodini nimekutana na wengine: fundi cherehani anayemuuguza mumewe, karani anayemuuguza baba. Wananiuliza wakianza sasa wataajiriwa wapi. Kabla tangazo lijalo la kada za afya halijatoka, naomba ofisi yako inipe jibu la kuwapelekea.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Stashahada ya Uuguzi na Ukunga,
Mkazi wa Kata ya Magomeni, Kilosa, Morogoro.

Nakala:
Katibu Mkuu, Wizara ya Afya
Katibu Mkuu, OR-TAMISEMI
Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa