Kidonge kigumu si chakula bora

Ndugu mfugaji, wiki iliyopita nilikuwa dukani namtazama mzee mmoja akinunua chakula cha kuku wa nyama. Alichukua kidonge, akakibana kwa kucha, hakikuvunjika. Akatabasamu, akalipa. Nilinyamaza kwa kuheshimu duka la mtu, lakini leo nasema: mzee wangu, pale ulipima gundi, hukupima chakula.

Tuelewane kwanza. Vidonge vina faida ya kweli, na si kwa sababu vina dawa ya kukuza kuku kama inavyosemwa vijiweni. Kwenye unga, kuku huchagua chenga za mahindi na kuacha ungaunga wa chini, ambamo mna dagaa, madini na vitamini. Kwenye kidonge hana la kuchagua. Tena anashiba kwa kudonoa mara chache, anakaa chini, na nguvu iliyobaki inakwenda kwenye nyama. Viwanda vikubwa hupitisha unga kwenye mvuke wa moto, kama nyuzi joto 80, kabla ya kuukamua. Wanga hulainika na kushikana, na vijidudu vingi hufa.

Wengine huongeza cha kushikisha: wanga wa muhogo, molasi, au udongo wa bentonaiti. Kikiwa kidogo hakina neno. Lakini udongo haujengi nyama hata gramu moja. Na muhogo, ambao kwetu Kilwa haukosi, una protini kama asilimia 2 au 3 tu, wakati mahindi yana 8 au 9. Sasa wapo wanaochanganya wenyewe na kukamua kwa mashine ndogo isiyo na mvuke. Vidonge vikivunjika wanaongeza unga wa muhogo. Vikivunjika tena, wanaongeza tena. Mwisho vinatoka vigumu kama kokoto, na kifaranga anayehitaji protini kama asilimia 22 anakuwa analishwa makopa. Akidumaa, lawama zinakwenda kwa aliyetuuzia vifaranga!

Kwa hiyo ukiuziwa vidonge vilivyotengenezwa mtaani, uliza protini ni asilimia ngapi, na imetoka wapi: soya, mashudu au dagaa? Akikujibu "bana uone vilivyo vigumu", rudisha hela yako mfukoni.

Sasa nanyi wafanyabiashara, msijifiche. Mfuko umetoka Dar es Salaam kwenye lori, umeshushwa Nangurukuru kwa kutupwa, umefungwa kwenye bodaboda hadi Kivinje au Masoko. Hewa yetu ya bahari nayo inalainisha vidonge, vinamomonyoka. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika Somanga, mizigo ilikwama njiani. Chakula kilichokaa hivyo kikiota ukungu hakifai kuuzwa, wala kuchanganywa na kizuri.

Nimeshaambiwa, "Afisa, vumbi sikulitengeneza mimi." Kweli. Lakini wewe ndiye unayelipima. Wa kwanza kununua anachotewa vidonge vya juu, wa mwisho, mara nyingi mama mwenye vifaranga 50 anayenunua kilo mbili mbili, anapewa vumbi la chini kwa bei ileile. Kuku 100 hadi kuuzwa hula takriban kilo 350. Moja ya tano ikiwa vumbi, hizo ni kilo 70 zilizolipiwa bei ya vidonge, na sehemu yake inaishia kwenye maranda na kuchafua maji ya kunywa. Chekecha mbele ya mteja, vumbi liuze kwa bei ya unga. Vumbi si sumu, ila si vidonge.

Nawe mnunuzi, beba chekecheo la jikoni. Usione haya. Chekecha kilo moja; mimi nikipata vumbi zaidi ya gramu 200, siuchukui mfuko huo kwa bei kamili.

Vifaranga wasipewe vidonge vizima mwanzoni, wape chenga hadi kama siku ya 10 au 14. Vumbi ulilobaki nalo linyunyizie maji kidogo tu, lishikane, uwape kuku wakubwa asubuhi kabla jua halijawa kali. Wape kiasi watakachomaliza kwa nusu saa, kwa joto letu hili likikaa hadi mchana limeshachacha.