Salfa Iliyofika Baada ya Maua

Barua ya wazi kwa mkuu wa ugawaji wa pembejeo za korosho

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, tunashukuru kwa salfa. Msimu uliopita ilifika imefungwa vizuri na hesabu zake zimetimia vitabuni. Ilichokosa ni maua ya kukinga tu. Mashada ya mikorosho yangu yalikwisha kugeuka kahawia, vitumba vimekauka kabla ya kuchanua, unga mweupe umetanda hadi vikonyoni. Salfa hukinga ua lililo zima, haifufui lililokufa. Hilo unalijua kuliko mimi, ndiyo maana nauliza: ratiba yako hupangwa kwa kutazama nini?

Si mkorosho, bila shaka. Ubwiriunga, ugonjwa wa huo unga mweupe, tunao tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na watafiti wa kilimo wa Naliendele wamekwisha kueleza tabia zake. Kuvu yake hujihifadhi kwenye machipukizi ya ndani ya mti, penye kivuli. Miti inapochipua kuelekea maua, upepo husambaza spora. Spora huota vyema kwenye nyuzi joto 26 hadi 28, hewa ikiwa na unyevu mwingi, nazo hushambulia majani na maua machanga. Kwa hiyo anayeandika joto la kila siku na kukagua machipukizi anaweza kukadiria lini spora zitashamiri, salfa ikawa ghalani kabla ya maua.

Utasema joto peke yake halitoshi. Kweli, ndiyo maana nimetaja unyevu na machipukizi. Utasema makadirio hukosea. Hukosea, lakini makosa hayalingani: salfa iliyowahi husubiri ghalani pakavu, iliyochelewa hupuliziwa maua yaliyokufa. Utasema taratibu za manunuzi ni ndefu. Basi zianze mapema, maana kuvu, kwa kukosa adabu, haisubiri saini.

Hasara hiyo ilivyogusa ada za shule na ujira wa vibarua nitajua mwenyewe. Kwako naomba kipimajoto na mkaguzi wa machipukizi katika kila kata ya korosho, na tarehe ya mwisho ya kufikisha salfa itokane na vipimo hivyo, itangazwe hadharani. Wala tatizo si salfa peke yake: mbegu nazo hutufikia mvua zikikatika, na ushauri mavuno yakiwa yameshauzwa. Ofisi inayohesabu mifuko iliyogawa bila kuandika ilifika lini haijamhudumia mkulima. Imeihudumia taarifa yake ya mwaka. Safari ijayo, tuletee salfa kabla ya maua.

Mkulima wa korosho, Mtwara