Crown Juu ya Mchanga wa Newala

Msimu wa korosho ukishachanganya, mtu hahitaji kuuliza bei imekwendaje. Anasimama tu barabarani Masasi na kuhesabu pikipiki ambazo bado zina nailoni kwenye siti. Katika mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, Oktoba 2024, kilo ya korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000. Mwenye tani tano ghalani, kabla ya makato, alikuwa anatazama milioni 20. Kwa fedha hiyo mtu anaweza kabisa kuketi na dalali wa magari, na vijana wengi hawazungumzii gari la kubebea magunia. Wanazungumzia Crown Athlete, Mark X, au Subaru Forester yenye tabo.

Mjini watu hucheka. Bei ikiwa nzuri hurudi zile hadithi za mkulima wa kusini aliyenawa miguu kwa soda, na mwingine aliyemnunulia mbuzi wake bia. Mimi sijawahi kukutana na mtu aliyemwona mbuzi huyo. Na wanaosimulia wenyewe wanaendesha Crown zilezile kwa mkopo wa mshahara wa miaka mitano, wala hakuna anayewatungia hadithi. Kwa hiyo suala la nani anastahili raha naliweka kando. Aliyepalilia mikorosho juani anastahili raha kama yeyote. Ninalotaka kupima ni kama mashine hiyo, pale anapoishi yeye, inarudisha bei yake.

Tuanze na bei yenyewe, maana wengi hawajui wanalipia nini. Crown hizi huja kutoka Japani zikiwa na umri wa miaka 15 na kuendelea. Huko kodi ya kila mwaka ya gari la petroli hupanda likishatimiza miaka 13, na ukaguzi wake ni ghali, kwa hiyo mwenye gari hulitoa kwa bei ya kutupa. Likifika bandarini kwetu hesabu inageuka. Chukua gari lililothaminiwa shilingi milioni 8 pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unalifikisha milioni 10. Juu ya hapo, injini ikizidi sisi 2,000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 10, na gari likizidi miaka 10 unaongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Tumefika milioni 14. VAT ya asilimia 18 inaisukuma hadi milioni 16 na nusu, na tozo ndogondogo bado. Yaani zaidi ya nusu ya fedha aliyotoa kijana wetu haikununua injini, wala siti, wala kasi. Ilinunua kibali cha kuingiza kitu kikuukuu nchini. Na thamani yenyewe huangaliwa kwenye orodha ya mamlaka ya mapato, TRA, si kwenye risiti aliyopewa na muuzaji.

Sasa lipandishe gari hilo Newala. Uwanda wa Makonde juu ni mchanga na udongo mwekundu, na barabara ya Mnivata hadi Masasi kupitia Newala, kilomita 160, ndiyo kwanza inajengwa kwa lami kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa miaka yote magunia ya korosho yaliyoijengea nchi jina yamepita kwenye vumbi na tope. Crown tumbo lake liko chini. Injini yake ya V6 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa, na haipendi mafuta yaliyokaa kwenye madumu ya vijijini. Kinacholifanya liitwe gari la kasi ndicho kinacholiua pale: tairi pana zenye ukuta mfupi, bampa la chini, shokapu ngumu. Fundi wa Newala anayefungua pikipiki ya Boxer na kuifunga huku anapiga soga hana kompyuta ya kusoma taa iliyowaka kwenye dashibodi ya Crown, na kipuri kinaagizwa Dar es Salaam.

Watu wa uwanda huu walishawahi kuona hesabu ya namna hii ikifanywa na majeshi, na kwa bunduki. Novemba 1917 vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimesukumwa hadi hapa juu. Pale Nambindinga, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwaacha nyuma askari wake wengi, wengine wakiwa wazima kabisa wa kupigana, kwa sababu risasi na kwinini havikuwatosha wote. Baadhi ya askari bado walishika bunduki za mwaka 1871, ambazo kila zikilia hutoa wingu la moshi na kumwonyesha adui pa kulenga. Wengine walikuwa na Mauser za kisasa, bunduki ambayo wapenzi wa silaha hadi leo huitaja kwa heshima. Tarehe 25 mwezi huohuo wakavuka Ruvuma, wakaipiga kambi ya Wareno pale Ngomano na kuteka bunduki na risasi kwa wingi. Hawakubishana kuhusu ubora. Sehemu kubwa ya kikosi iliacha silaha za Kijerumani na kushika za Kireno, kwa kuwa za Kireno ndizo zilizokuwa na chakula chake. Mauser nzuri isiyo na risasi ilikuwa rungu la bei mbaya.

Leo bunduki za fahari bado zinafika kusini, mikononi mwa wawindaji wa kitalii. Sheria zetu zinataka mnyama hatari apigwe kwa bunduki isiyo chini ya kipimo cha .375, risasi iliyotolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912. Bunduki iliyochongwa kwa mkono na kampuni hiyo ina bei ya nyumba nzuri. CZ ya Kicheki yenye kipimo kilekile ni bei ya pikipiki chache, na nyati hajui tofauti. Tajiri analipia mbao ya mjozi na nakshi, na ajue hivyo. Yeye walau halishi nayo familia. Mkulima wa Masasi anayefukuza nguruwe pori mihogoni yuko mbali na mjadala huo: gobore la kienyeji lisilosajiliwa litampeleka mahakamani chini ya sheria ya silaha ya 2015, na kibali cha bunduki halali kinapita kamati baada ya kamati. Kwake bei kubwa ya bunduki ni muda na nauli.

Nisieleweke kwamba kila cha ghali ni upuuzi. Land Cruiser mkonga ni ghali kuliko Crown mara kadhaa, na kwa uwanda huu naiona rahisi. Kila fundi anaijua, kipuri chake kipo hadi cha kuibwa, na ikiwa na miaka 20 bado kuna anayeibembeleza. Ina kasi ndogo na haina starehe yoyote. Ila inakwenda.

Ghali kuliko zote ni mashine isiyokuwepo inapohitajika. Kuanzia Mei hadi Agosti mikorosho inataka kupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, na mikononi fedha za mnada zimeshakwisha. Ruzuku ya serikali imesaidia kwenye salfa, lakini pampu ya mgongoni yenye injini lazima uwe nayo au uikodi, pamoja na petroli na vibarua. Mwenye Crown iliyolala kwenye matofali hulazimika kuuza kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mnada, korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya huruma. Hapo ndipo gari linapomalizia kulipwa: kwa mavuno ambayo hayajazaliwa. Na bei haijawahi kuahidi kitu. Msimu wa 2017/18 ilipita 4,000. Uliofuata wanunuzi walisusa, serikali ikatangaza 3,300 na kutuma jeshi kuzichukua, na kuna waliosubiri malipo yao kwa miezi. Baadaye ikashuka hadi elfu mbili na kitu.

Kwa hiyo hukumu yangu haiko sawa kwa miji yote miwili. Mtu wa Masasi mwenye duka au mshahara wa kila mwezi, anayekwenda Lindi na Songea kwa lami, anunue Crown yake. Nitapanda nikipewa lifti na wala sitamhubiria. Wa Newala anayetegemea mnada peke yake, nunua Boxer na pampu mbili mwaka huu. Lami ikikamilika tutapiga hesabu upya, ingawa kufikia wakati huo ushuru wa uchakavu utakuwa uleule na Crown zenyewe zitakuwa zimezeeka zaidi.